Mpungi na Bei ya Mbao

Ukishuka basi pale Same mjini ukatazama juu milimani, utaona kijani na ukungu. Mipungi hutaiona. Mpungi ni kijisitu cha ukoo, mahali ambapo Wapare wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao. Mvua ikikataa kunyesha, au mtoto akiugua bila sababu, watu walikwenda huko kutambika. Kukata hata fito mle ndani ilikuwa kujitafutia balaa.

Injili ikaja. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900, na Wasabato wakaingia Upare Kusini 1903. Mchungaji Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga, aliandika kitabu kizima kuhusu jinsi imani ya mizimu ilivyowatawala Wapare, kikachapwa Ujerumani mwaka 1916. Wapo wanaomcheka siku hizi. Mimi simcheki. Hofu ilikuwapo kweli, na aliyeambiwa kwamba si lazima aiishi alipata nafuu kubwa.

Sasa sisi, wajukuu wa waliobatizwa, tuna kikao. Mpungi wa ukoo wetu umebaki eneo dogo, halifiki hata nusu ya uwanja wa mpira, na chini yake inatoka chemchemi. Vijana wenzangu wa kanisani wanataka ukatwe. Eti ni sanamu! Wanamtaja Gideoni, aliyebomoa usiku madhabahu ya Baali ya baba yake na kuikata ile Ashera. Haya, tumsome basi mpaka mwisho. Mti ule Gideoni aliufanya kuni za sadaka ya kuteketezwa. Hakubakiza hata ubao mmoja wa kuuza. Wenzangu walishamleta mwenye msumeno, na bei ya mbao ilitajwa kabla ya sala ya kufungua kikao.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba sanamu si kitu chochote duniani. Huyo huyo akawaandikia Wakolosai kuwa tamaa ya mali ni ibada ya sanamu. Nikiyaweka maneno hayo mawili pamoja, pale mpungini naona miti na maji. Sanamu naiona imekaa nasi kwenye benchi la kikao.

Lakini si kwao tu. Mtu aweza kujipima hivi: ni nani akisema hapana, wewe unatetemeka? Mimi fuvu la babu halinitetemeshi. Kinachonitetemesha ni macho ya watu wa nyumbani pale Desemba, tunapopanda kutoka Dar. Kila mtoto wa kiume anatazamiwa asimamishe nyumba, yenye vigae ikiwezekana, hata kama italaliwa wiki mbili kwa mwaka. Nyumba hiyo tunaitolea sadaka kuliko babu zetu walivyotoa mbuzi, tena bila kuuliza. Mwaka huu fedha ya bati nimelipia ada ya mpwa wangu, ambaye mama yake ni marehemu. Kuta zangu zimesimama wazi, nyasi zinaota sebuleni, washikaji wananiita bwana magofu. Inauma jamani, na ninavyoelewa mimi inauma kwa sababu kuna kitu kimeng'olewa.

Kikaoni nilisema msitu usikatwe, na kwamba mimi siingii mle kutambika. Wazee wa mila wakanuna, vijana wa kanisani wakanuna. Baba mdogo akaniuliza, "Sasa wewe mwanangu uko upande gani, wa mizimu au wa Yesu?"

"Wa Yesu, baba. Ndiyo maana mbao zikiuzwa, fungu langu msinigawie."

Alinyamaza kitambo. Kikao kimeahirishwa mpaka Desemba. Mwenye msumeno ameshapewa kianzio.