Dungu la Bondeni na Neno "Kutosha"

Mpunga unapokaribia kukomaa katika delta ya Rufiji, familia nyingi huhamia shambani. Huko hukaa katika dungu, yaani kibanda kidogo kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye sakafu ya fito, paa la makuti na ngazi ya miti. Mchana hufukuza ndege. Usiku hulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori na viboko. Wavuvi nao hupiga dago kando ya mito ya mikoko, au kwenye maziwa ya bondeni, wakafuata samaki mpaka msimu uishe.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa safarini kuwatembelea washarika wachache walioko upande wa Kibiti, tulilala katika dungu moja. Mwenyeji wetu alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu kama walivyo wengi wa majirani zetu huko. Vitu vyake vilihesabika upesi: mkeka, sufuria mbili, dumu la maji ya kunywa, redio ndogo na chandarua kimoja. Tulikula wali kwa samaki, tukasikiliza taarifa ya habari, tukalala vizuri kuliko tunavyolala mjini.

Tuliporudi tukahubiri juu ya kuridhika. Tulisema kwamba watu wa bondeni wametufundisha kuishi na vichache, na washarika wakaitikia amina.

Aprili 2024 mafuriko yakaingia Rufiji na Kibiti, yakafunika nyumba na mashamba. Katika kikao chetu kimoja cha kuchangia msaada, mzee mmoja alisimama akasema kwa nia njema: "Tupeleke unga. Magodoro na vyandarua vya nini? Wale wamezoea vibanda. Mchungaji mwenyewe alituambia wanaridhika." Tukanyamaza. Mahubiri yetu yalikuwa yamerudi, nasi hatukuyapenda tulipoyasikia katika kinywa cha mwingine.

Hapo ndipo swali lilipotushika. Je, kuridhika ni fadhila ya kumfundisha nani?

Kwanza, tulikosea kuhusu dungu lenyewe. Tulilala humo usiku mmoja tukadhani tumeona maisha yote ya mwenye dungu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la Rufiji kwenda nyanda za juu. Lakini rutuba ilibaki chini, kwa sababu huletwa na maji yale yale yanayotisha. Kwa hiyo wengi wakawa na makao mawili: nyumba juu, dungu chini. Dungu ni maarifa ya mkulima anayejua mto wake. Raha yake hutegemea kwamba ipo nyumba ya kurudi. Nyumba hiyo ikichukuliwa na maji, hakuna tena unyenyekevu wa kusifiwa. Kuna mtu asiye na pa kulala.

Pili, Maandiko yanatusahihisha. Katika Walawi 23, Mungu anawaagiza Waisraeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, baada ya kukusanya mazao, ili vizazi vyao vijue walivyoishi walipotolewa Misri. Agizo hilo linawahusu watu watakaokuwa na nchi, ghala na nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayeambiwa atoke alale kibandani. Hatusomi popote kwamba asiye na nyumba aliambiwa abaki kibandani na ashukuru. Tena Kumbukumbu la Torati 16 inataka yatima, mjane na mgeni waifurahie sikukuu hiyo pamoja na mwenye nyumba.

Mtume Paulo naye, katika Wafilipi 4, anasema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Tunalipenda sana neno hilo. Lakini Paulo alijisemea nafsi yake, akiwa kifungoni. Na mara baada ya hapo anawapongeza Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Hakuwaambia kwamba, kwa kuwa yeye ameridhika, wangeweza kukaa na mali yao. Kuridhika kwa mpokeaji hakumfuti mtoaji wajibu wake.

Ndivyo tulivyofundishwa pia katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, hakuishia kwenye chakula. Alitaja mavazi, nyumba, shamba, hali nzuri ya hewa, hata majirani wema. Basi tunapoomba mkate "wetu", tunaomba pia mahali pakavu pa jirani pa kulala. Godoro na chandarua vimo ndani ya Sala ya Bwana.

Je, tuache basi kusifu maisha ya vitu vichache? Hapana. Ila tuyaelekeze kwetu wenyewe, sisi tunaoongeza chumba juu ya chumba na bado tunasema hapatoshi. Na tukitaka kujua raha ipi ni halali, tukumbuke jambo ambalo hatukulisema katika mahubiri yale. Chandarua kilikuwa kimoja, na yule mama alitupa sisi. Yeye alikesha karibu na moto, katika moshi, akisema kwamba usiku ule ulikuwa zamu yake ya kulinda. Tulimwamini kwa sababu tulitaka kulala.

Hicho ndicho kipimo. Raha ndogo inayoweza kumpisha mwingine ni zawadi ya Mungu. Raha inayomwacha mwingine akeshe, hata ikiwa ni chandarua tu, inatudai.

Unga ulikwenda. Vyandarua na magodoro vilikwenda wiki kadhaa baadaye, baada ya sisi kusimama mbele ya kikao kile na kukiri kwamba tulihubiri vibaya. Wiki hizo zilikuwa na usiku mwingi, na mbu.

Ndugu washarika, kila mmoja wetu ajiulize mawili. Nyumbani kwangu, ni kitu gani ambacho tayari kinatosha? Na ni nani ambaye nimemwita mwenye kuridhika, kumbe sikutaka tu kumpa?