Tembe Iliyo Mfukoni

Keti, mjukuu wangu. Omena wako wanafuka moshi, tonge la ugali liko mkononi, na ile tembe ya kalisiamu bado iko mfukoni mwa shati, imeviringwa kwenye karatasi. Unasema utaimeza ukienda kulala. Maneno hayo nimeyasikia mezani hapa miaka mingi, kwa watu ambao leo hawapo.

Tembe hiyo kazi yake ni tumboni, pamoja na chakula. Huikamata fosfeti ya samaki kabla haijaingia damuni, ikatoka nayo chooni. Ukiimeza usiku tumbo tupu, umefika Kibuye soko limeshafagiliwa.

Figo nzima huikojoa fosfeti iliyozidi, kazi ambayo zako zimeishindwa. Figo ikianza kuchoka, mifupa hutambua mapema, ikatoa homoni iitwayo FGF-23 kuihimiza figo iongeze bidii. Ndiyo maana kwa miaka vipimo vya damu husoma sawa, na mtu hushangilia kwa soda nyeusi, yenye fosfeti vilevile. Kumbe homoni hiyo hiyo inaizuia figo kuiivisha vitamini D. Hapo ndipo watu wa ziwani hubishana nami: jua hili la Kisumu, linalokausha omena kwa siku moja, litatunyimaje vitamini D? Halitunyimi. Linatupa unga, na figo ndiyo jiko. Jiko likizimika, unga utaulaje?

Vitamini D isipoiva, kalisiamu hupungua damuni, na tezi nne za shingoni, kila moja kama punje ya mchele, humwaga homoni yao na kuifuata kalisiamu mifupani. Mifupa ikidhoofika hivyo, mtu huteleza bafuni tu, nyonga ikavunjika. Fosfeti ikizidi damuni, mishipa ya damu hukakamaa kwa chokaa, na ngozi huwasha. Nimemwona mzee mzima akijikuna mgongo kwa mpini wa mwiko hadi alfajiri, macho yamemwiva.

Sikukatazi samaki, nani wa Dunga atakatazwa samaki? Lakini omena huliwa na mifupa yake, na fosfeti imejaa humo. Siku nyingi chukua mnofu wa mbuta, uchemshe, umwage maji ya kwanza. Supu ya mifupa waachie wenzako. Wala usiiachie ile mashine inayokusafishia damu kazi yote: saa nne za kikao hazitoshi kuiondoa fosfeti, maana nyingi imejificha ndani ya mwili.

Najua unasahau. Hata mimi dawa ya presha hunipita. Haya, itoe mfukoni, uimeze na tonge hili, ugali ungali moto.