Uzee Si Jibu

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Walikuwa na maana yao, kwamba jicho huona hata lile lisilotakiwa kuliona. Lakini lipo pazia moja ambalo hushuka taratibu mno, bila kelele, na mwenye jicho ndiye huchelewa kulijua. Jina lake ni mtoto wa jicho. Ndugu msomaji, hebu leo tuyaweke kando mapenzi na ajira, tujiulize jambo moja: mtu anapopofuka kwa ugonjwa unaotibika, je, hiyo ni bahati mbaya, au kuna mtu anadaiwa?

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana kijiweni huwa tunachanganya mambo. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ujanani ni safi kama kioo. Umri ukienda, mara nyingi huingia ukungu, mpaka mwanga unashindwa kupita. Hapo hakuna miwani wala dawa ya matone itakayousafisha. Kinachotakiwa ni kupasuliwa. Daktari analitia jicho ganzi, anachana tundu dogo, anaitoa lenzi iliyoharibika, anaweka ya bandia. Kwa kawaida mgonjwa yuko macho, anasikia watu wakizungumza. Mkono uliozoea haumalizi hata nusu saa.

Wengine tukisikia "leza" tunadhani ndiyo inayoondoa mtoto wa jicho. Kwa kawaida siyo. Leza ina kazi zake: kutibu mishipa ya damu iliyoharibika kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari, kusaidia kushusha presha ya macho, au kufungua utando ambao wakati mwingine hujitokeza nyuma ya lenzi mpya. Halafu kuna ile inayovuma mjini, ya kuchonga konea ili mtu aachane na miwani. Watu huifuata Nairobi, wengine India.

Hiyo lenzi ya bandia nayo ina historia yake. Katika vita kuu ya pili, daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona kwamba vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta vurugu kubwa humo. Mwaka 1949, huko London, akaweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo kwenye jicho la mgonjwa. Wakubwa wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo kazi yake inafanyika dunia nzima, na hapa kwetu inafanyika KCMC ya Moshi, Muhimbili, na CCBRT pale Msasani.

Hapo ndipo swali letu linapopata meno. Mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho mwaka 1900 alipatwa na bahati mbaya. Majirani walimpa pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli kwa sababu hawakuwa na kingine cha kumpa. Mzee anayepofuka leo ana ugonjwa uleule na ukungu uleule. Kilichobadilika ni sisi: tunajua la kufanya, na vifaa tunavyo. Basi pole yetu siyo tena pole ile. Ni sawa na kumwambia pole mtu anayezama, na kamba umeishika mkononi.

Sasa twende Mbwera, kwa sababu huko ndiko swali hili linakopimwa. Mbwera iko kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, ndani ya mikoko, kule mto unakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Watu wanalima mpunga, wanavua samaki na kamba. Ratiba ya safari hupangwa na maji: yakijaa unaondoka, yakipwa unasubiri.

Tumfikirie bibi mmoja wa huko. Simtaji jina, maana ni wa kufikirika, ila hali yake si ya kufikirika. Alikuwa anasuka ukili, sasa vidole vinakosea njia. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, sasa anaambiwa, "Bibi, acha tu, tutafanya wenyewe." Kwenda kisimani anashikwa mkono na mjukuu, na mjukuu anayemwongoza bibi asubuhi hayuko darasani asubuhi. Jicho moja limefunga, maisha ya watu wawili yamebadilika.

Mjini tutamwambia kwamba huwa zinatokea siku za matibabu bila malipo. Vizuri. Lakini bure hiyo ni ya wapi mpaka wapi? Kisu ni bure, ila boti si bure. Kuna nauli ya kutoka delta mpaka barabarani, nauli ya basi mpaka Dar, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kumsindikiza anayeacha shamba lake siku hizo zote. Halafu kuna kurudi ili daktari aliangalie jicho. Kwa mtu wa Mbwera, upasuaji ndiyo sehemu fupi kuliko zote za safari. Huko Madurai, India, daktari Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya Aravind mwaka 1976, baada ya kustaafu. Mwenye uwezo alilipa, na malipo yake yakasaidia kumhudumia asiye na kitu. Wagonjwa wa vijijini walichukuliwa kwa basi, wakalishwa, wakarudishwa. Huko waliielewa siri ya neno "bure".

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema, "Huo ni uzee, ndiyo kazi ya Mungu." Namheshimu anayemkabidhi Mungu mambo yake. Lakini mbona malaria tunaitafutia dawa, na uzazi ukiwa mgumu tunamkimbiza mama hospitali? Uzee ni sababu ya ukungu, sawa. Uzee siyo sababu ya kuuacha ukungu pale. Tumeyachanganya haya mawili, na mchanganyiko huo unatufaa sana sisi tusiotaka kutoa nauli.

Wa pili atasema, "Wazee wenyewe hawataki. Wanaogopa kisu." Hoja hii ina uzito. Jicho ni la bibi, siyo la mjukuu wala la mganga mkuu wa wilaya. Akielezwa vizuri, akasema hapana, hiyo ni haki yake na tunyamaze. Lakini tuwe wakweli: wangapi wameelezwa? Mara nyingi "sitaki" ya mzee maana yake ni "sitaki kuwasumbua". Mwaka 2002 Susan Lewallen na Paul Courtright, watafiti waliofanya kazi Moshi kwa miaka mingi, walionyesha kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake hawafikiwi na upasuaji huu kama wanaume. Je, bibi zetu wanaogopa kisu kuliko babu zetu? Au ni kwamba pesa ya nauli ikipatikana, jicho la babu ndilo linalotangulia?

Wa tatu atauliza kama nawalaumu wanaochonga konea. Hapana. Anayetaka kuachana na miwani kwa pesa yake hajamwibia mtu. Nachouliza ni kwa nini ndoto ya kutovaa miwani tunaijua mpaka bei, lakini bei ya kutoka Mbwera mpaka Msasani hatujawahi kuipigia hesabu.

Na sisi waandishi chipukizi tujiangalie pia. Kipofu wetu ni wa aina mbili tu: ombaomba wa kando ya barabara, au mzee mwenye hekima anayeona kwa moyo. Yule wa pili tunampenda zaidi, tunampa maneno mazito ya kusema. Ni nadra kumwandika kipofu ambaye hana hekima yoyote ya ziada, anayehitaji nauli tu. Tukiugeuza upofu kuwa fumbo zuri, tunamzoesha msomaji kuutazama bila kuudhika.

Kuna deni linalongoja na deni lisilongoja. Mtoto wa jicho huongoja: kama sehemu nyingine za jicho ni nzima, bibi anaweza kuona tena hata baada ya miaka. Presha ya macho haingoji. Uoni iliouchukua haurudi, kwa kisu wala kwa leza, ndiyo maana kupimwa mapema ni muhimu. Lakini hata kwa mtoto wa jicho, miaka ya katikati hakuna wa kuilipa. Ukili ambao haukusukwa haukusukwa, na masomo yaliyompita mjukuu yamempita.

Serikali inadaiwa, hospitali zinadaiwa, hilo tuliseme bila woga. Lakini nyumbani kwako yupo mzee, au kijijini ulikotoka. Ukienda, usimuulize tu "hujambo, unaendeleaje?", maana atakujibu hajambo. Kaa naye mlangoni kwenye mwanga, umuulize anaona nini. Akisema ni uzee tu, usikubali haraka.