Sharti, Dalili na Mashamba ya Rumonge

Swali lililowashughulisha wanazuoni tangu kale, yaani ni lini hukumu isiyotajwa huweza kutolewa kwa haki kutokana na hukumu iliyokwisha kutajwa, limewafikia pia waundaji wa lugha za kompyuta. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, kiyasi, yaani kuhukumu jambo jipya kwa kulilinganisha na lililokwisha kuhukumiwa, husimama juu ya nguzo nne, nazo ni asili, tawi, hukumu na illa, yaani sababu ya hukumu. Illa isipopatikana katika tawi, hukumu haivuki. Mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walipendekeza utaratibu wa jinsi hiyo, ukaingia katika lugha ya Haskell: mtunga programu hutangaza kwamba orodha mbili zaweza kulinganishwa kwa sharti kwamba vitu vilivyomo navyo vyaweza kulinganishwa, na kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, ikikutana na orodha ya orodha za namba, hushuka daraja baada ya daraja hata ifikie namba zenyewe, ikapata dalili, ikapanda nayo hadi juu pasipo kuamrishwa na mtu.

Lakini kompaila hiyo ina uadilifu mmoja mkali. Ikiona dalili mbili zinazostahiki kwa jambo lile lile, hukataa kazi, isipokuwa mtunzi awe ameruhusu iliyo mahsusi zaidi itangulie. Kwani ikichagua kiholela, programu moja itakuwa na maana mbili, kwa kadiri ya njia iliyopitiwa.

Je, mwanadamu naye aweza kukataa? Uasi ulipozuka Rumonge na Nyanza-Lac, nchini Burundi, mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji ya dola yakafuata, wakulima wengi wa mwambao wa Tanganyika walikimbilia Tanzania, na michikichi yao ikaangukia mikononi mwa wengine. Waliporejea walikuta dalili mbili juu ya shamba moja: sheria ya ardhi ya 1986 ilimlinda aliyelikalia kwa miaka 30, na Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulimwahidi mkimbizi kurudishiwa mali yake, au fidia ya haki pale isipowezekana. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, hapo awali ilihimiza pande mbili zigawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia aliyerejea shamba lote. Dalili zilikuwa zile zile, hukumu ikawa nyingine.

Atasema msemaji kwamba iliyo mahsusi na itangulie. Lakini kila upande hujiona ndio mahsusi: huyu kwa jasho la miongo mitatu, yule kwa kaburi la babaye, na uamuzi wa kuitanguliza mojawapo hauzaliwi na kanuni hizo, bali huletwa kutoka nje yake. Mashine yaweza kungoja hata mtunzi aandike upya. Mwenye njaa kando ya shamba hawezi kungojeshwa hivyo. Basi dhambi haimo katika kuchagua, maana kuchagua hakuepukiki, bali katika kudai kwamba ni kanuni iliyochagua. Mushingantahe, yaani mzee mwamuzi wa Kirundi, agawaye michikichi ya Rumonge kati ya nyumba mbili na aseme waziwazi kwamba kiyasi kimeishia hapa, na kwamba kilichobaki ameamua yeye, naye ndiye atakayekijibia mbele ya watu na mbele ya Mungu.