Faragha Si Upweke



Hapa Bisibo mtu akionekana ameketi peke yake, kimya, twamwuliza upesi, "Una nini?" Twadhani anaugua, au amekosana na mwenzake, au moyo wake umepoa katika wokovu. Sisi tu Kanisa la uamsho. Tumefundishwa kutembea nuruni pamoja, kushuhudia, kuimba na kuungama mbele ya ndugu, na jambo hilo ni jema. Lakini je, Mkristo hawezi kukaa peke yake na bado akaridhika?

Tumkumbuke Simeoni Nsibambi wa Uganda. Mwaka 1929 yeye na Daktari Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto ule ukafika Gahini, Rwanda, na mwaka 1939 ukafika Katoke, huku kwetu magharibi ya Ziwa. Nsibambi alihubiri hata barabarani. Baadaye afya yake ilidhoofika, na kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 1978, alitoka nyumbani kwa nadra tu. Ndugu walimwendea huko kutafuta shauri na maombi. Mahubiri ya barabarani yalikoma, lakini utumishi wake haukukoma.

Bwana wetu naye aliondoka alfajiri kwenda kuomba mahali pasipo watu (Marko 1:35), kisha akavirudia vijiji na wagonjwa wake. Hapo tunapata kipimo. Faragha njema humrudisha mtu kwa wenzake akiwa mpole zaidi. Ajitengaye kwa kinyongo hutoka na kinyongo kile kile, maana ndicho alichokaa nacho.

Basi, tusichanganye faragha na upweke. Faragha mtu huichagua. Upweke humpata asipoutaka. Mama mjane ambaye watoto wake wamehamia mijini, tusimwambie aridhike na kimya. Tumpelekee maji na kuni, tena tuketi naye. Na ni dhambi kubwa zaidi kunong'ona kwamba ni mchawi kwa kuwa tu anaishi peke yake. Katika Kanda hii ya Ziwa wazee wameuawa kwa sababu ya manong'ono ya namna hiyo.

Kwa nini basi kimya hututisha? Kwa sababu redio ikizimwa na wageni wakiondoka, tunakumbuka deni tusilolipa na jirani tusiyemsalimu. Twataka kukimbia. Lakini tukivumilia kidogo, tunaona kwamba Mungu aliyajua hayo yote tangu mwanzo, wala hakutuacha. Kuridhika huanzia hapo.

Tunashauri kila mmoja wetu atenge robo saa kabla ya kwenda shambani, asiombe kitu, anyamaze tu mbele za Bwana. Kisha, siku hiyo hiyo, amtembelee mtu mmoja aliye mpweke.

Bwana awajalie amani yake. Amina.