Kimya cha Taa

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ni lile la ishara: kitu kimoja kinapotangaza habari ya kingine kisichoonekana, je, msomaji wake anapata hakika au dhana tu, na ishara isipotokea, je, kutotokea kwake ni habari ya usalama au ni ukosefu wa habari? Swali hili, ambalo kwa kawaida hujadiliwa kwa mfano wa moshi na moto, linapata umbo la wazi zaidi katika dashibodi ya basi dogo kuukuu la aina ya Toyota HiAce, ambalo wakazi wa Kigali huliita twegerane, neno la Kinyarwanda lenye maana ya "tusogeleane", kwa jinsi abiria wanavyobanana ndani yake. Gari la namna hiyo, lililoundwa kabla kompyuta hazijatawala injini, halina kumbukumbu ya makosa inayoweza kusomwa kwa mashine. Lina taa chache tu, na fundi wa umeme wa magari katika karakana za Gatsata, karibu na stendi ya Nyabugogo, hana budi kutoka kwenye taa hizo na kufika kwenye kosa kwa njia ya kufikiri.

Taa ya chaji, ile yenye picha ya betri, inafaa kutangulia. Waya wake mmoja unatoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo, na wa pili unaishia kwenye alteneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini kwa mkanda ili uzalishe umeme. Ufunguo unapowashwa injini ikiwa bado imelala, upande wa betri una takriban volti 12.6 na upande wa alteneta hauna kitu, kwa hiyo umeme unapita na taa inawaka. Injini ikinguruma na alteneta ikaanza kuzalisha volti kama 14, pande mbili zinalingana, umeme unakosa sababu ya kupita, na taa inazimika. Taa hiyo, ingawa imechorwa betri, haiipimi betri. Inachotangaza ni tofauti baina ya pande mbili, ambayo yaweza kuletwa na mkanda uliokatika, kidhibiti volti kilichokufa au fyuzi iliyoungua. Dereva anayekimbilia kununua betri mpya kwa sababu ameona picha ya betri amesoma jina la ishara akaiacha ishara yenyewe.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza tatizo hili katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa kwa mfano wa pamba na moto: mtazamaji huiona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini macho hayamwonyeshi kwamba moto ndio uliounguza, yanamwonyesha tu kwamba hili limetokea pamoja na lile. Ghazali alikusudia kumrudishia Mungu utendaji wote, na msomaji anaweza kusita mbele ya hitimisho hilo la kitheolojia bila kuipoteza tahadhari iliyomo. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, alteneta inapokufa taa ya breki nayo huwaka pamoja na ile ya chaji, kwa kuwa nyaya za taa hizo mbili zimeunganishwa kupitia dayodi, kifaa kinachouruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ili balbu ya breki ijaribiwe kila ufunguo unapowashwa. Dereva asiyelijua hilo, anapoteremka kutoka Muhima kuelekea Nyabugogo, hudhani kwamba breki zimemsaliti, kumbe huenda hazina neno. Fundi anayechomoa waya mmoja baada ya mwingine na kutazama kinachobaki anafanya jambo ambalo macho peke yake hayaliwezi: anayatenganisha yale yaliyozoeleka kutokea pamoja, ili ajue lipi linamtegemea mwenzake.

Likifuatia swali la mahali kosa lenyewe lilipo, msaada unapatikana Rwanda kwenyewe. Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa aliyeishi kati ya mwaka 1912 na 1981, alionyesha katika uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 1956 kwamba Kinyarwanda huvigawa vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa, ambamo uhusiano wa kitu na kingine huingia. Msomaji wa Kiswahili huyatambua mara moja mawili ya kwanza katika mtu na kitu. Mazoea humfanya mwenye gari alitafute kosa katika ikintu, yaani kifaa kinachoweza kutolewa na kununuliwa kingine, ilhali makosa mengi ya umeme wa gari kuukuu yamo katika ukuntu. Mfano ulio dhahiri ni ethi mbovu. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha bodi badala ya waya wa pili. Mahali inapokazwa kwa bolti, kutu ya misimu mingi ya mvua hujenga ukuta mwembamba, na umeme uliozuiwa hapo hutafuta njia kupitia balbu ya jirani, hata dereva akikanyaga breki indiketa humulika hafifu. Balbu ni nzima, betri ni nzima, waya ni mzima, na bado gari ni gonjwa. Hakuna duka la vipuri litakalouza kilichoharibika hapo, kwa maana kilichoharibika ni kugusana, na dawa yake ni msasa na subira.

Zito kuliko yote ni suala la kimya. Taa kuu za onyo huundwa ziwake ufunguo unapowashwa, kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Taa ya presha ya oili ambayo haikuwaka wakati huo haiwezi baadaye kushuhudia kwamba injini ina oili, kwa sababu balbu iliyoungua na injini yenye afya hunyamaza kwa namna moja. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikuwa na kanuni inayofanana na hii: msimulizi asiyejulikana hali yake, waliyemwita majhuli, wengi wao hawakuipokea riwaya yake, ingawa hawakuwa wamemthibitishia uongo, kwa kuwa ukweli wake haukuwa umethibitika. Lakini hata jaribio la ufunguo laweza kughushiwa. Muuzaji asiye mwaminifu huchomoa balbu. Aliye mjanja zaidi huunganisha taa yenye kosa na taa ya jirani, ili ziwake na kuzimika pamoja. Wa kwanza ameziba mdomo wa shahidi na kuacha pengo ambalo mchunguzi makini ataliona, ilhali wa pili amemfundisha shahidi kusema uongo, na hivyo ameharibu kipimo chenyewe.

Uzito wa udanganyifu huo unatokana na jinsi gari lilivyopangwa. Dashibodi humwelekea mtu mmoja, ilhali hatari ni ya wote walioketi nyuma yake, na kwa hiyo usomaji wa taa ni amana, yaani haki ya mtu iliyowekwa mkononi mwa mwingine. Ukaguzi wa magari unaofanywa na Polisi ya Taifa ya Rwanda unaisaidia amana hiyo, lakini mkaguzi huliona gari siku moja, na siku nyingine zote lina msomaji mmoja tu. Ndiyo sababu fundi mwadilifu, kabla ya kuiamini taa ya oili iliyonyamaza, huuchomoa waya wa swichi ya presha iliyo ubavuni mwa injini na kuugusisha kwenye chuma huku ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwa imezimika waya ulipochomolewa, kisha ikawaka ulipogusa chuma, anajua kwamba balbu na waya vi hai, na kwamba taa haikufungwa kwa jirani yake. Anamtaka shahidi aseme kwanza neno ambalo yeye fundi analijua tayari kuwa ni kweli, na baada ya hapo ndipo anapokubali kukiita kimya chake usalama. Abiria hawatajua kamwe kwamba jambo hilo la dakika mbili lilifanywa, wala hawana njia ya kulidai.