Je, Mgonjwa Asiyepona Atembee Kwa Nini?

Watu wengi huuliza hivi: mtu mwenye ugonjwa usioponyeka, yafaa nini kuuchosha mwili wake kwa matembezi? Si afadhali alale tu akingoja siku yake? Swali hili si dogo, maana lahusu thamani ya siku za binadamu.

Fikirini kansa ya mapafu. Chanzo chake kikubwa ni moshi wa tumbako. Lakini moshi wa kuni ndani ya nyumba nao waweza kuileta, na wengine huugua bila kuvuta tumbako hata siku moja. Basi mtu asimwambie mgonjwa, “Umejitakia.”

Mgonjwa huyo hukosa pumzi. Akikosa pumzi huogopa; akiogopa huhema mbio, na pumzi huzidi kumwishia. Hapo huacha kutembea, miguu hulegea, na kazi ndogo humshinda. Hofu hiyo hushindwa polepole. Mganga akiisha kumruhusu, mgonjwa huenda hatua chache, hupumzika, huvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo, kama mtu apozaye uji wa moto. Kesho huongeza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mazoezi hayaondoi kansa, lakini hupunguza uchovu na wasiwasi.

Miti nayo husaidia. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alieleza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Walioona miti dirishani walitoka hospitalini mapema, wakahitaji dawa kali za maumivu chache kuliko walioona ukuta wa matofali.

Je, kutafuta utulivu ni kujidanganya? Sivyo. Paul Kalanithi, mganga wa kupasua ubongo huko Marekani, alijua mwaka 2013 kwamba ana kansa ya mapafu. Alifanya mazoezi kwa bidii, akarudi kuwapasua wagonjwa wake kwa muda. Alifariki mwaka 2015, mwenye miaka 37. Hakukana kifo, alikataa tu kufa kabla ya siku yake.

Ajidanganyaye husema, “Siumwi.” Mtulivu husema, “Naumwa, na asubuhi hii ningali nayo.”

Basi, ninyi wenye afya, msimfungie mgonjwa nyumbani kwa huruma. Mshikeni mkono, mwende naye hadi kivuli cha mwembe, kwa mwendo wake, si kwa mwendo wenu.